Mguu wa Kulia wa Sabah

Bagamoyo, 12 Shaabani 1303

Kwa mjukuu wangu Azzan, aliye Nyuyoki katika nchi ya Wamarekani, Mungu amlinde na amrudishie akili yake.

Nakusalimu salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto, nalo si habari mpya. Jirani yetu Mgeni kajifungua tena mtoto wa kike, na mumewe kanuna kama mtu aliyeibiwa. Paa la uani linavuja. Nikikungoja wewe ulitie makuti nitalala na mwavuli, kwa hiyo nimemwita mtu.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi nilizofundishwa chuoni kabla baba hajasema zimetosha kwa mwanamke. Neno likikupindia, lisome hivyo hivyo. Simpi karani barua hii, maana yaliyomo si ya kusomwa na karani.

Ulipopanda meli ya wale Wamarekani wa pembe za ndovu ulisema miaka miwili. Wa nne huu unaingia. Kabla ya kuondoka ulinikalia kichwani kwamba nikaha ifungwe kwanza, kwa kuogopa asije mtu akakupita. Tukafunga. Ukasema utaingia nyumbani kwake ukirudi. Basi tazama ulivyomfanya: ni mke, na mume hana, na wala hawezi kuwa mke wa mwingine. Sabah ni mtoto wa mwanangu, wewe ni mtoto wa binti yangu, nimewalea kwa sahani moja. Sina upande. Lakini wewe u mbali na yeye namwona kila asubuhi.

Suruali yake ya harusi umeisahau? Mguu wa kushoto nimedarizi mimi, bibi yake, kama tulivyodariziwa sisi sote. Mkanda wangu wa nakshi, ushukao hadi kifundoni, umekwisha tangu mwaka ulioondoka. Wa kulia ni wake mwenyewe, na yeye anadarizi kidogo, anafumua, anadarizi tena, maana akimaliza itabidi miguu iungwe, na ikiungwa lazima bwana harusi aingie. Ana haya ya kumaliza nguo isiyo na siku.

Yule Bwanausi wa Makurunge, mwenye miwa, aliulizia. Meno ya mbele hana, lakini yupo. Nikamwambia mke wa mtu haposwi, akaomba radhi akaondoka. Ana adabu, nikwambie kweli.

Kwa hiyo chagua. Njoo, au mwandikie talaka yake mbele ya mashahidi wawili Waislamu, uilete. Jambo la tatu hakuna.

Sabah kasimama nyuma yangu. Anasema amesikia huko kuna baridi ya kukata masikio, uyafunge. Mimi nimemwambia masikio yako yalikuwa hayafanyi kazi hata hapa.

Bibi yako, Thuraya

*

Nyuyoki, 20 mfungo tatu 1303

Kwa Bibi yangu mpenzi, Bi Thuraya, mama wa wote wawili.

Nashika miguu yako. Barua yako imenifikia kupitia kwa Wamarekani wa Unguja, nami nimeisoma mara nyingi, hata palipopinda. Nimefurahi kusikia mtoto wa Mgeni. Pole kwa goti. Mimi mzima wa afya, na masikio nimeyafunga.

Bibi, usinikasirikie kabla hujasikia. Nimeshatoka kwa watu wa pembe. Niko kwa mfanyabiashara anayeitwa Bwana Blum, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani kwa Wadachi akaja huku mdogo. Kazi yake ni darizi. Ukiona mtaa wake utashangaa: duka kwa duka, Wayahudi watupu, wanauza mikanda ya nakshi, kola, mapambo ya vitanda, mashada ya hariri, na wanawake wa nchi nzima wanavaa vitokavyo mtaa huu. Wengi wao walianza na mzigo mgongoni, mlango kwa mlango, kama Wahindi wetu wanaokwenda bara. Nakaa nyumbani kwake na nakula mezani pake. Nguruwe hawagusi, na siku ya Jumamosi hawawashi hata moto. Mimi ndiye ninayewasha.

Ana mtambo, Bibi. Sindano zake ni nyingi kama meno ya papa. Mtu mmoja anakaa mbele ya nakshi iliyochorwa kwenye karatasi, anaifuata kwa mkono wa chuma, na sindano zote zinafuata mkono wake. Kazi yako ya mwezi inatoka kabla ya adhuhuri.

Nikamwambia Bwana Blum habari ya marinda ya kwetu, suruali za bi harusi. Alisikiliza vizuri sana. Amesema nikimpa mkanda mmoja wa asili, mzuri kuliko yote, ataufanya nakshi ya mtambo, na atanipa shehena niilete pwani mimi mwenyewe, niwe wakili wake Unguja na Bagamoyo. Unaona? Sirudi mikono mitupu. Narudi bwana.

Kwa hiyo niletee mkanda wa Sabah. Hakuna mzuri kuliko ule. Hata kama haujakwisha.

Na hiyo karatasi nyingine uliyoitaka siiandiki. Sabah ni mke wangu. Mwambie mwakani.

Mjukuu wako, Azzan

*

Bagamoyo, 3 mfungo saba 1304

Kwa Azzan, bwana mtarajiwa.

Salamu. Tu wazima kwa kadiri. Mvua za vuli zimekuwa haba. Wadachi wamezidi mjini, wanapita na kamba wanapima ardhi za watu, ukiwauliza wanacheka. Mtoto wa Mgeni kaota meno, hata Bwanausi kapitwa.

Habari ya Wayahudi nimemuuliza kadhi. Kasema ni watu wa Kitabu na kichinjo chao kinaliwa. Basi kula. Sina neno na Wayahudi. Neno langu ni na wewe. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya mtambo na meza na mtaa, na hukusema unafanya kazi gani. Mtu akikaa mezani kwa watu na kuwawashia moto, kwetu tunajua anaitwaje. Sitaki kulisema.

Mkanda sileti. Hebu fikiri kwa kichwa ulichopewa. Nakshi ile ni ya nyumba hii. Mama yangu alitoka nayo Maskati kwenye mguu wake, na hakuna bi harusi aliyewahi kuingia nayo ila wa kwetu. Leo unataka ishonwe na chuma, itundikwe dukani kwa Mhindi, anunue kila apitaye? Halafu useme umerudi bwana. Bwana wa nini?

Tena hata ningetaka, haujakwisha. Sabah alipata kifua mwezi uliopita, kikohozi cha kawaida, nikamfukiza na kumpa mdalasini na asali. Sasa hajambo. Anadarizi akiwa amelala kwa ubavu. Nimemgombeza kwamba mwanamke hadarizi amelala, akaniambia, "Bibi, uzi haujui kama nimelala." Ulimi huo kautoa kwangu, siwezi kumlaumu.

Nilimsomea barua yako. Uliposema "mwambie mwakani" akacheka. Nikamwuliza unacheka nini. Akasema, "Nilikuwa naliogopa neno la karatasi, kumbe kaikataa." Sasa mimi nimekaa na ninyi wawili wajinga, mmoja huko na mmoja hapa.

Njoo. Njoo mikono mitupu, na kanzu iliyochanika, mimi nitaitia kiraka. Kama huji, andika.

Thuraya

Sabah ameniomba nafasi ya mstari mmoja. Anasema: usininyime kuja kwa sababu huna shehena. Mimi sikuolewa na shehena.

*

Nyuyoki, 25 mfungo tisa 1304

Kwa Bibi yangu.

Nashika miguu yako. Nimefurahi kuwa kifua cha Sabah kimepona. Huku theluji ndiyo inayeyuka. Mtu wa pwani akiiona mara ya kwanza huipenda.

Nataka nikuhadithie jambo, ili umjue mtu ninayekaa naye. Bwana Blum ana mama yake mzazi, kizee kama wewe, na mkali kama wewe. Hasemi lugha ya hapa vizuri, mimi pia, kwa hiyo tunaelewana. Kwao mtoto wa kiume akitahiriwa, kile kitambaa alichofungiwa, mama hukikata vipande, akaviunga mkanda mrefu, akadarizi jina la mtoto, na mkanda ule hupelekwa msikitini kwao wakafungia Kitabu chao. Bibi huyu aliwadarizia wanawe wawili. Mmoja ndiye Bwana Blum. Wa pili alikufa kabla mkanda wake haujapelekwa, nao umo sandukuni.

Alikuja mteja mkubwa, akauona siku umeanikwa, akataka kuununua awe na nakshi yake. Bwana Blum, ambaye huuza hata pazia lililo dirishani, alimwambia hauuzwi. Mteja akapandisha bei. Bwana Blum akamfungulia mlango atoke.

Nakueleza haya ujue kuwa ni mtu wa heshima. Hawezi kuivunjia nyumba yetu adabu. Lakini biashara imekuwa ngumu, wenzake wanauza rahisi kuliko yeye. Amesema mkanda usipofika kabla ya baridi ijayo, habari ya shehena hataizungumza tena. Bibi, huo ndio mlango wangu wa kurudi, sina mwingine. Ukiufunga, umenifungia huku.

Umwambie Sabah nimeusoma mstari wake. Sina jibu zuri. Niletee mkanda.

Azzan

*

Bagamoyo, 10 mfungo mosi 1304

Kwa mjukuu wangu Azzan.

Salamu. Idi imepita. Mgeni alituletea vitumbua. Paa halivuji.

Barua yako ilifika katika Ramadhani. Mkanda huu nakuletea, nimeufunga ndani ya kitambaa cha merikani na kuushona mdomo, usiingie unyevu wa bahari. Umekwisha wote. Ndio wa Sabah.

Habari zake usiwe na wasiwasi. Ametulia.

Mpe huyo Bwana Blum afanye atakavyo, na wewe panda meli. Shehena ikiwepo, sawa. Isipokuwepo, sawa vile vile. Chumba chako nimekipaka chokaa. Njoo tu.

Bibi yako

*

Nyuyoki, 14 mfungo saba 1305

Kwa Bi Thuraya.

Nashika miguu yako. Mimi mzima. Natumai nyote huko wazima.

Mkanda ulifika tangu mfungo nne, miezi mitatu sasa. Sikuandika upesi kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini.

Niliufungua mezani, Bwana Blum na mama yake wakiwapo. Bwana Blum aliusifu sana. Mama yake aliusogelea. Alinyoosha mkono akanivua kofia kichwani, ile uliyonishonea mwenyewe nilipoondoka, akaiweka ubavuni mwa mkanda, akapitisha ukucha juu ya nyuzi. Kisha akasema kwa Kidachi chake, "Mkono mmoja." Akanionyesha: kwenye kofia uzi umelala kushoto, na kwenye mkanda umelala kushoto.

Sikuhitaji kuonyeshwa. Wewe una mkono wa shoto, Bibi, na Sabah hana. Nimekaa miguuni penu miaka yangu yote ya utoto nikiwatilia uzi sindanoni. Niliuona nilipokata mshono wa kwanza, nikajifanya sikuuona.

Kwa nini umenidanganya? Nimezisoma barua zako zote tena kwa mpango. Mwanzo kila barua ina neno la Sabah: masikio, shehena. Hii ya mwisho haina. Mwanzo kila barua unataka talaka. Hii ya mwisho huitaki. Unasema "ametulia". Mwanamke hutulia akishafanya uamuzi. Amekataa kunidarizia, nawe ukadarizi badala yake ili kunifichia aibu. Kama ni yule mtu wa Makurunge ungeniambia. Mimi si mtoto.

Habari ya shehena imekufa. Mtambo uliichukua nakshi, na mikanda ilitoka mingi, lakini wenye duka wakubwa waliitaka nyembamba, ya kola. Wanawake wa hapa wanaivaa shingoni. Nikifagia chini ya mtambo nakuta vipande vyake vya kutupwa, nimeviweka. Pwani hakuna kitakachokwenda. Bwana Blum mwenyewe anahamia duka dogo. Hakunifukuza, lakini nauli hawezi kunipa, nami sina.

Kwa hiyo nimefanya ulilotaka tangu mwanzo. Nimekwenda bandarini nikawapata mabaharia wawili wa Kingazija, watu wa sala, wakashuhudia. Talaka moja imo humu, na majina yao. Sabah yu huru. Aolewe na amtakaye mwenye meno au asiye nayo.

Mwambie sikumkasirikia. Si kweli, lakini mwambie.

Azzan

*

Bagamoyo, 20 Shaabani 1305

Kwa Azzan.

Salamu. Goti limehamia la pili. Mgeni ana mimba. Inasemekana Wadachi watachukua forodha yetu, na vijana wanakaa barazani wanaongea kwa sauti ndogo, jambo ambalo sijawahi kulipenda kwa vijana.

Karatasi yako imefika. Nimeipeleka kwa kadhi, kwa kuwa ni jambo la sheria na mimi sheria siijui. Aliisoma, akasema imeandikwa vizuri. Kisha akaniuliza, "Huyu mwanamke alifariki lini?" Nikamwambia katika Ramadhani ya mwaka jana. Akaangalia tarehe yako. Akaikunja karatasi akanirudishia. Akasema, "Haina kazi. Mwambie amemwacha maiti."

Basi nimekwambia.

Kilikuwa kile kifua. Kilipona, kikarudi, kikapona, kikarudi na damu. Barua yako ya kutaka mkanda ilifika akiwa bado anasikia. Nilimsomea habari ya yule mwanamke wa Kiyahudi na kitambaa cha mtoto wake. Akanirudisha niisome tena hapo. Uliposema huna jibu zuri, akasema, "Angalau hakusema uongo." Baada ya siku chache akawa hasemi tena. Alifia mikononi mwangu alfajiri, mimi nikiwa na daku mdomoni. Maiti yake ilibebwa na mume wa Mgeni, na watu wa msikitini, na Bwanausi, ambaye ulimtukana. Alikuja kwa miguu toka Makurunge, akashuka kaburini akampokea, maana mume wake hakuwepo wa kumpokea. Kisha akarudi kwa miguu. Hakutaka hata maji.

Kwa nini nilikudanganya, unauliza. Kwa sababu ningekwambia, usingekuja. Ungekaa huko ulie, halafu ungezoea. Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja na chambo kimoja. Nikakaa na macho haya mabovu, mtoto mkubwa wa Mgeni akinitilia uzi, nikadarizi usiku na mchana mkanda wa kulia wa pili, nikiigeuza nguo ili shoto yangu isionekane. Nilidhani nimeigeuza vya kutosha. Mpe yule kizee salamu zangu. Katika watu wote wa mji huo yeye peke yake anajua kazi.

Wewe uliona uzi umelala kushoto, ukatoa hesabu ya mwanamke mwenye tamaa. Sabah. Aliyecheka uliposema "mwakani". Hilo sikusamehe, na umri wangu hautoshi kubadili nia.

Nakuona sasa unafagia. Ungeliandika tangu mwanzo. Mfagiaji angepokelewa hapa kama wakili, kwa chai ile ile.

Sasa sikiliza neno la mwisho la kadhi. Kwa kuwa talaka yako ni bure, alikufa mkeo. Mume asiye na mtoto hurithi nusu. Mimi nilibisha, nikamwambia huyu hata mlango wake hakuufungua. Akasema, "Bi Thuraya, nusu." Alichoacha ni bangili, ambazo ziliuzwa kwa sanda na khitima, na suruali isiyoungwa. Suruali ina miguu miwili. Sikuona haja ya kubisha zaidi.

Mguu wa kushoto, kazi yangu, nimeubakiza. Watanizika nao, nimeshamwambia Mgeni, na akileta ubishi nimemwambia nitamtokea. Wa kulia, wake mwenyewe, ule wa kweli, nakuletea na barua hii. Ndiyo nusu yako. Haukwisha. Ulifika kwenye ua la tatu kabla ya kifundo, na ua lenyewe lina upande mmoja. Usimpe Bwana Blum. Usiuweke kwenye mtambo, wala usijaribu kuumalizia, mkono wako ulikuwa mzito tangu utoto. Kama huna pa kuuweka, mwombe yule kizee auweke kwenye sanduku lake pamoja na kile kitambaa. Yeye ataelewa, hata kama hamsemi lugha moja.

Mimi siandiki tena. Macho hayataki. Chumba nimempa Mgeni aweke mtama.

Sindano nimeiacha pale pale alipokomea. Usiichomoe.

Thuraya